Masomo ya bule mu Lubumbashi: miaka sita ndani, nawapa pwenti 5 ku 10

Bantu bananiulizaka sana, zaidi mu mwezi wa 8 wakati ya kuandikisha batoto, eti mama, masomo ya Leta iko muzuri ao tunaendaka kule paka juu ya bule? Niandike hapa mara moya, nisirudilie kila siku.

Mutoto wangu wa kwanza aliingia kalasi ya kwanza mwezi wa 9 mwaka 2019, ule ule mwezi Leta ilianzisha bule ya primeri, na 2025 amemaliza ya sita, ENAFEP, ule mtihani ya Leta ya kumaliza primeri, amefanya na ameshinda. Kwa hiyo miye na bule tulianza siku moya. Masomo yenyewe ni ya ba Katolika, ile banaitaka konvansione, Kanisa inaongoza na Leta inalipa, hapa hapa Lubumbashi, jina siiandike juu mudogo wake bado eko pale, amemaliza ya tatu, na direkta anasomaka kila kitu ku simu.

Bei kwanza, juu njo bote tunatafuta. Minervali, ile makuta ya kusoma: zero. Ile ni kweli na niiseme wazi, juu kuko bantu banasemaka bule ni bongo tupu. Mbele ya 2019 nilikuwa nalipia mudogo wangu pale pale, na kila trimestri ilikuwa vita, ulipe minervali, ulipe prime ya mualimu, ile bazazi banaongeza ku mushahara yake, ukimaliza banakuambia kuko ingine ya kupeleka ku ma buro ya juu, na kama haujalipa mutoto anafukuzwa saa mbili ya asubui, unamuona anarudia mu barabara na kaye mu mukono analia na hata bukari ya jana haijashuka. Ile ya kufukuza imeisha. Miaka sita, batoto bangu habajafukuzwa hata siku moya juu ya minervali. Pale pekee naipa pwenti tatu.

Lakini kuko "mchango". Mama moya mwenye anauzishaka mikate aliuliza mu mkutano ya bazazi, tulikuwa tumejazana mu kalasi ya ine, magoti inagusa kidevu juu ile pupitri ni ya batoto, akasema: direkta, kama masomo ni bule, hii 5.000 franka ya kila mwezi inaitwaka nani? Direkta akajibu bila kucheka: inaitwa mchango ya mapenzi. Sisi bote tukacheka. Kesho yake asubui liste ya benye mapenzi ilikuwa imebandikwa ku mulango, majina ya batoto, na ma krua (alama ya musalaba) nyekundu kwa benye bazazi yabo habana mapenzi. Mutoto wangu mwenyewe ananiuliza, mama, juu ya nini tuna krua?

Ile 5.000 inafanya nini? Inalipa zamu, ule mulinzi wa masomo, inanunua chaki, karatasi ya mtihani, na wakati ingine mualimu mwenye hajaingia mu liste ya Kinshasa. Prezida wa komite ya bazazi, ule COPA, eko na kaye yake ya bulu anasomaka mbele yetu, zamu kiasi hii, chaki kiasi hii, na mutu anaweza kumuuliza. Miye nilimuuliza mara mbili, mara ya kwanza alijibu, mara ya pili alikasirika kidogo lakini alijibu. Kwangu ile kaye njo kitu kizuri kupita yote mu hii masomo, na si Leta iliileta. Kila mutu mwenye anaandikisha mutoto mahali, aombe kuona ile kaye mbele ya kuona direkta.

Mualimu mwenye hajaingia mu liste, nielezee kidogo juu bengi bananiuliza ginsi gani mualimu wa Leta anakosa mushahara. Mualimu haajiriwe na masomo ikalipa, jina yake inapaswa kufika Kinshasa, zamani kwa SECOPE, sasa banaita DINACOPE, njo pale banatengeneza liste ya malipo na makuta inapita ku banki, tangu 2011 iko vile, mbele ya pale ilikuwa inakuja mu ma sanduku. Kama jina haijaingia, banakuita NP, non payé, unafundisha kila siku kama benzako na mwisho ya mwezi unaangalia benzako banaenda ku gishe. Kalasi ya pili ya mutoto wangu ilikuwa na mualimu NP mwaka muzima. Alikuwa anakuja na miguu toka mbali. Na kule juu majina inapotea wakati ingine inaongezeka: mu 2021 tribunali ya Kinshasa ilihukumu bakubwa ya SECOPE na ya inspeksyo jenerali miaka 20 juu ya makuta ya balimu. Ule mwaka mwezi wa 10 balimu ya ma konvansione ya Katolika bakafunga mikono, batoto bakakaa nyumbani, na miye nilikuwa na hasira kwa balimu mpaka nilipomuona ule NP sokoni anabeba magunia ya makala ya bantu.

Sasa swali yenye unaulizaka ku duka yoyote: kitu ikiharibika, unapeleka wapi? Hapa njo masomo ilipoteza pwenti mingi kwangu.

Mwezi wa 11 mwaka uliopita mutoto wangu mudogo alirudi na suruali ya bulu imepasuka nyuma, musumari ya pupitri. Pupitri ya batoto babili, banakaa bane, na ubao ya kukalia imeachana. Nikaenda. Direkta akaniambia, mama, miye ni wa balimu na batoto, vifaa ni ya mwenye masomo, enda ku ofisi ya Kanisa. Ofisi ya Kanisa, mutu mwenye heshima sana, akanipa kiti, akasema nyumba ni yetu kweli lakini Leta njo ilisema bule, basi ilete na makuta ya pupitri, jaribu sous-division, ile ofisi ya Leta ya mambo ya masomo. Nikapanda taxi bus ingine. Kule nikangojea mpaka saa saba, kijana moya akaniandikisha mu kitabu kikubwa, akasema mambo ya majengo sasa ni ya provensi. Ku provensi sikuenda, nauli ilikuwa imeisha. Nikarudia ku masomo, nikamuonyesha zamu ule musumari, yule yule tunamulipa na mchango ya mapenzi, akachukua jiwe akaupiga. Dakika mbili.

Na muniamini, hakuna mutu alinidanganya mu ile safari. Bote balisema kweli, njo mubaya yenyewe. Mobutu alinyanganya masomo kwa ma Kanisa mu 1974, akaishindwa, mu 1977 akairudisha na mkataba, Leta inalipa na kuweka programu, Kanisa inaongoza kila siku. Ile mkataba njo inatembea mpaka leo. Juu yake bakaweka Konstitisyo ya 2006 yenye inasema ku artikle 204 primeri na segonderi ni kazi ya provensi, lakini mushahara inatoka Kinshasa, na ile 40 ku 100 ya makuta yenye artikle 175 inaachia ma provensi haifikake vile ilivyoandikwa. Mwenye nyumba moya, mwenye makuta mwingine, mwenye sheria mwingine, na pupitri iko na musumari.

Kitu inaniuma zaidi, masomo yetu iko karibu na barabara ya kwenda Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia. Wakati ya kutoka tunashika batoto mikono tunangojea malori ipite, shaba na kobalti, malori baada ya malori, vumbi mpaka mu meno. Kode minye, sheria ya ma mine, ya 2018 inasema ku redevansi, ile makuta kampuni inalipa juu ya kuchimba, 25 ku 100 ni ya provensi na 15 ni ya entite, ile utawala mudogo ya pale, yenye mine inachimba ndani. Makuta ya pupitri iko, inapita mbele ya mulango saa sita na nusu kila siku.

Sisi bana ba Gécamines, ile kampuni ya Leta ya shaba, tunaonaka hii kwa uchungu yetu pekee. Baba alikuwa ku atelie, masomo ilikuwa ya kampuni, bitabu ya kampuni, hata mutu wa kufagia alikuwa wa kampuni, hatukujua masomo inauzwaka. Halafu mishahara ikaanza kuchelewa, mu 2003 baba akaingia mu ile depare volontere, kuacha kazi kwa kupenda, na mama akajua prime ni nini. Ile prime bazazi na Kanisa balisikilizana mu miaka ya 1990 wakati Leta iliacha balimu, eti ni ya muda. Muda yenyewe ikamaliza karibu miaka 30. Kwa hiyo mutu akiniambia mchango ya 5.000 ni ya muda, ninanyamaza tu.

Mafundisho. Hapa niko na maneno mbili yenye haipatane. Mualimu wa kalasi ya kwanza, ule mama nampa 10 ku 10, alifundisha mutoto wangu kusoma na vizibo ya chupa, kila kizibo ameandika herufi, batoto banavuruga banatengeneza jina yabo chini. Mukubwa alisoma mbele ya Noeli. Mudogo alikuta kalasi ya tatu na batoto 92, nilibahesabu miye mwenyewe siku ya mkutano, na mualimu anasahihisha kaye kwa mulongo: siku ya kwanza mulongo ya dirisha, siku ya mbili ya katikati, siku ya tatu ya ukuta. Mutoto wangu eko ku ukuta, basi kosa ya siku ya kwanza anaikaa nayo siku tatu, akiisha kuizoea. Na mvua ikinyesha ku mabati, mualimu anaandika ubaoni tu juu hakuna mutu anasikia.

Banque Mondiale inasema mu Kongo, ku batoto 100 ya miaka 10, 97 habawezi kusoma maandiko ya rahisi na kuielewa. Nilikataa ile hesabu. Nikamupa mudogo karatasi ya dawa ya maleria, akasoma yote, Kifaransa safi, haraka kama radio. Nikamuuliza, sasa unameza ngapi asubui? Akaangalia tena karatasi, akaniangalia miye. Tulirudia polepole, mara tatu, njo akasema mbili. Tangu ile siku tunasoma kila kitu nyumbani, sabuni, ma fakture ya umeme ya SNEL, kila kitu, na nauliza.

Basi ni prive njo bora? Nilienda kuangalia mbili. Moya ilikuwa parsele ya mutu, kalasi mu saluni, 30 dola kwa mwezi, na mualimu mwenye nilimukuta pale alikuwa ule ule mualimu wetu wa kalasi ya ine, anafundisha Leta asubui, prive kisha midi, akanisalimia kwa haya. Kule eko na batoto 25. Kama muko na 30 dola, ile 25 njo munanunua, hamununue mualimu mwingine.

Kwa mwenye anaandikisha: muende mapema, juma ya kwanza ya mwezi wa 8, na akti ya kuzaliwa, juu nafasi ya kalasi ya kwanza inaishaka mbio. Muombe mulongo ya dirisha. Muingie mu COPA hata kama mutachoka. Na musilipe kitu bila karatasi, miye nililipa "ya buletini" mara mbili mwaka moya.

Mukubwa anaingia ya saba mwezi wa 9, na kule bule imeishia, ni ya primeri tu. Nimeisha kuuliza bei mahali mbili. Ya kwanza banataka makuta ya trimestri yote mbele ya siku ya kwanza. Ya pili iko bei nafuu, nafasi iko, banasema mutoto aje tu, lakini akuje na kiti yake.