Seva ya studio ya picha Mtwara: nunua ipi ili linki zikubali

Harusi moja ya Mikindani inaleta picha elfu tatu, na zile zile zinatakiwa kwenye folda ya bibi harusi, ya bwana harusi na ya kamati. Ukizinakili mara tatu, msimu wa korosho unapokolea na harusi kufuatana, diski imejaa. Dawa yake ni linki: faili moja kwenye diski, majina matatu. Kazi hiyo inafanywa bure na rdfind, programu ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta) inayotafuta faili zinazofanana na kuzigeuza linki. Pesa yako inakwenda kwenye vifaa vya seva, yaani kompyuta ya kutunza picha za studio: diski na mashine.

Anza na diski. Mimi nilinunua diski ya nje ya TB 2, nikaijaza picha usiku kucha, asubuhi kila linki ikagoma: "Operation not permitted". Ilikuwa imetoka dukani na exFAT (mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye diski), na exFAT haijui linki za aina yoyote, kama ilivyo FAT32. Ikabidi niazime diski nyingine, nihamishe kila kitu, ndipo niifomati kwa ext4, mpangilio wa Linux unaokubali linki. Wewe ifomati siku ile ile ya kununua, ikiwa tupu. Halafu, linki hizi hazivuki kutoka diski moja kwenda nyingine, kwa hiyo chukua moja kubwa badala ya mbili ndogo.

Sasa mashine, kuanzia ninayoikubali zaidi.

1. Laptop ya mtumba yenye kioo kilichopasuka. Usicheke. Seva haihitaji kioo, unaiendesha kwa amri kupitia mtandao (ssh) kutoka kompyuta nyingine. Unacholipia ni betri, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika faili ndipo diski zinapoharibika. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye TV kwa HDMI, achomoe chaja, nawe uhesabu dakika. Chini ya ishirini, dai punguzo au ondoka. Hakikisha pia haina nenosiri la BIOS, yaani programu inayoamsha mashine kabla ya mfumo wenyewe. Nyumbani, weka HandleLidSwitch=ignore ndani ya /etc/systemd/logind.conf, la sivyo ukifunga kifuniko seva inalala.

2. Desktop ya mtumba iliyotoka ofisini. Nyingi zinaingia diski mbili, ya pili iwe ya akiba, kwa sababu linki si akiba: faili likiharibika, majina yote matatu yameharibika. Inataka UPS, betri ya nje ya kuibeba umeme ukikatika. Ukikaa karibu na bahari, pale Shangani kwa mfano, fungua boksi utazame kutu kwanza.

3. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Inakula umeme kidogo sana, lakini kadi ya SD huchoka kwa kuandikwa kila siku. Ukiongeza SSD (diski ya kasi) ya USB na chaja yake (Pi 4 inataka volti 5, ampea 3), hesabu inaikaribia laptop, na betri bado huna.

4. Seva ya kukodi mtandaoni. Kwa tovuti, sawa. Kupandisha GB 40 za harusi kwa bando la simu, hapana. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, picha zilizohifadhiwa nje ya nchi zilikuwa mbali kweli.

Kuiweka rdfind, kwenye Linux ya Ubuntu au Debian, ni mstari mmoja:

sudo apt install rdfind

Kisha ijaribu bila kugusa kitu (/srv/picha iwe folda yenye picha zako):

rdfind -dryrun true -makehardlinks true /srv/picha

Soma results.txt inayoachwa kwenye folda uliyosimama. Ukiridhika, rudia amri bila -dryrun true. Ukitaka kuifuta folda ya kamati baadaye, futa tu, zile mbili hazidhuriki. Ila kuhariri ni jambo jingine: programu ikihifadhi juu ya faili lile lile, picha inabadilika kote, na bwana harusi atakuta amekatwa kwenye albamu yake mwenyewe. Kwa picha ya kuhariri, tengeneza nakala kamili kwa cp.

Piga ls -l uone namba inayofuata ruhusa za faili. Ikisomeka 3, imekubali.