Uzoefu wangu na chumba cha ibada cha dini zote: zulia zuri, maji mabovu

Chumba ninachokizungumzia ni cha dini zote, ndani ya jengo la abiria wanaobadilisha ndege. Nimekitumia alfajiri, mchana na usiku, katika safari zaidi ya moja, kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyechungulia mlangoni akapita. Zulia nalipa alama 4 kati ya 5. Kibla, 3. Maji, 1, na hiyo moja ni kwa sababu yanatoka.

Naanza na maji kwa kuwa humo ndimo vyumba vingi vya aina hii vinamoharibikia. Wachora ramani huchora chumba, wakaweka mshale wa kibla na rafu ya misahafu, wakaona kazi imekwisha. Mwenye kuswali anatakiwa kwanza aoshe viganja, asukutue, apandishe maji puani, aoshe uso, aoshe mikono hadi viwikoni, apake maji kichwani, kisha aoshe miguu hadi vifundoni. Sinki la kawaida la chooni linatosha kwa yote hayo mpaka ufike miguuni. Ukingo wake uko kama sentimita 85 kutoka chini. Anayepandisha mguu hapo amesimama kwa mguu mmoja juu ya vigae vilivyolowa, na uzito wake unaegemea kwenye sinki lililoshikiliwa na skrubu mbili za ukutani. Sinki likilegea, silikoni ya nyuma inapasuka, maji yanapenya ukutani, na uongozi unabandika tangazo: usioshe miguu hapa. Sijaona bado tangazo lililokausha sakafu.

Hapa angalau wamejenga sehemu yake: viti vitatu vya saruji vilivyopigwa vigae, kila kimoja na bomba mbele yake na mfereji chini. Wazo ni sahihi kabisa. Waliloharibu ni mabomba. Wameweka yale yanayojifungua yenyewe, na jicho lake limetegwa kuona kiganja kilicho karibu na mdomo wa bomba. Mguu uko chini zaidi, jicho haliuoni, maji yanakatika. Inabidi mkono mmoja ubaki juu kulidanganya jicho huku mwingine ukisugua katikati ya vidole vya miguu. Bomba la kubonyeza, linalotoa maji kwa sekunde chache kisha likajifunga, lingekuwa afadhali kidogo. Koki ya kugeuza robo mzunguko inazishinda zote, maana unaiacha itoe maji membamba na mikono yote miwili inabaki huru. Anayeogopa kwamba koki itapoteza maji akumbuke kuwa kipimo cha udhu tunachokijua ni kibaba kimoja, yaani chini ya lita moja, na bomba linalotoa lita 6 kwa dakika humwaga kiasi hicho katika sekunde zisizofika kumi. Kwa hiyo kinachookoa maji ni wembamba wa maji yenyewe. Kukatika-katika kunamfanya mtu aoshe kiungo kilekile mara tano.

Mpaka watakapobadilisha, njia ninayoitumia ni chupa. Jaza chupa mbili za nusu lita kwenye sinki, kaa kitini, mimina polepole. Chupa moja inamaliza viungo vya juu, nyingine inatosha miguu yote miwili na tone linabaki. Mwenye khofu miguuni, yaani soksi za ngozi, ana nafuu zaidi: akiivaa akiwa na udhu kamili, na ikiwa inafunika vifundo, msafiri anapangusa juu yake siku tatu na masiku yake, na aliye nyumbani siku moja na usiku wake. Unapangusa sehemu ya juu ya mguu, unyayo unauacha. Soksi nyepesi za kawaida wanachuoni wametofautiana, kila mtu afuate alivyofundishwa.

Sakafu ya hapo imeinamishwa vizuri kuelekea mfereji, naona kama sentimita 2 kwa kila mita, na maji hayatuami. Harufu ndiyo inayosumbua. Chini ya kila mfereji bomba lina kona inayotakiwa kubaki na maji ili kuzuia hewa ya shimoni isipande. Kiti cha mwisho hakitumiki sana kwa sababu kiko gizani, kona yake inakauka, na kunanuka kama karo limefurika. Dawa yake ni kumwaga ndoo ya maji humo kila siku chache. Manukato wanayopulizia hayasaidii kitu.

Lililo baya zaidi ni umbali. Kutoka kwenye viti hivyo hadi mlango wa chumba kuna hatua kama ishirini za korido wanayopita watu wote na masanduku yao, kisha lazima upite mbele ya milango ya vyoo. Ukitoka na miguu mitupu umekanyaga uchafu. Ukivaa viatu juu ya miguu iliyolowa, soksi zinalowa na zulia linalowa nazo; ukiona zulia la chumba cha ibada linanuka uvundo, kisa ni hicho mara nyingi. Wameweka ndara jozi tatu. Nilizozikuta ni jozi moja na nusu. Beba zako, na kitaulo kidogo.

Wanawake wamefikiriwa nusunusu. Ndani ya chumba kuna pazia linalofika juu ya kichwa na mlango wao wa pembeni, vizuri sana. Lakini bomba lao la kutawadhia liko wazi mkabala na mlango wa choo cha wanawake, na kila mlango ukifunguliwa korido nzima inaona ndani. Mtu anayetakiwa avue mtandio na kukunja mikono hadi viwikoni anahitaji ukuta mmoja mfupi wa kuziba macho. Fundi anaweza kuujenga kwa siku moja.

Sasa kibla. Mshale uko darini, mahali panapofaa, maana wa sakafuni hufunikwa na miswala. Lakini usiupime kwa dira ya simu ukiwa ndani. Jengo limejaa nondo na nyaya, na sindano inahama unaposogea mita mbili tu. Kuzungusha simu kwa umbo la nane hurekebisha simu yenyewe, chuma cha ukutani kinabaki palepale. Njia ya uhakika ni kufungua picha ya setilaiti ya jengo, kutafuta ukuta ulioko mbele yako, na kutumia programu inayochora mstari hadi Makka juu ya tufe. Pima pembe kati ya mstari na ukuta, basi. Ramani bapa itakupoteza: kutoka New York inaonyesha kama kibla ni kusini-mashariki, ilhali njia fupi zaidi juu ya dunia inaelekea kaskazini-mashariki. Nilipolinganisha hivyo, mshale wa hapa ulikuwa umekwenda upande kwa nyuzi chache, jambo lisilobatilisha swala ya mtu, ila huenda aliyeubandika alitumia dira ya simu. Wahusika wakitaka kuukagua bila mtambo wowote, wasubiri tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, au 15 na 16 Julai saa 6:27 mchana, kwa saa za Makka. Wakati huo jua liko juu ya Kaaba, na popote linapoonekana, kulielekea jua ndiko kuelekea kibla.

Zulia ni mita 6 kwa 5. Mtu mmoja anahitaji upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120, kwa hiyo kwa hesabu ya kalamu wanaenea 40. Kwa kuwa kibla kimekaa mshazari na kuta, safu zinakatwa kwenye kona na wanaoenea ni kama 30. Mistari ya zulia imefumwa kufuata kibla na si ukuta, jambo ambalo wengi husahau.

Kuhusu kushirikiana na wengine, hapa wamefanya jambo la akili: nusu ya chumba ina zulia, nusu nyingine sakafu ya mbao yenye viti vyepesi. Mkristo anayekaa kusali na viatu vyake hakanyagi pale mwingine anaposujudu, wala hakuna haja ya kugombana mlangoni. Ukuta wa mbele ni mtupu. Msalaba, misahafu, Biblia na vitabu vingine viko kabatini, unatoa unachohitaji na kurudisha. Moto hauruhusiwi, kwa hiyo hakuna mishumaa, ubani wala udi. Kitambua moshi cha darini hakitofautishi chetezo na moto wa kweli, kengele italia jengo zima. Kuna mishumaa ya betri. Si kitu kilekile, lakini ipo.

Kelele ndiyo inayozua manung'uniko, na ina saa zake. Adhuhuri na alasiri Waislamu husoma kimya, hakuna anayemsikia mwenzake. Magharibi, isha na alfajiri imamu husoma kwa sauti, na hapo ndipo anayetafakari upande wa viti anapokunja uso. Ratiba ya mlangoni imegawa chumba kwa saa zilezile mwaka mzima, na swala hufuata jua, kwa hiyo miezi fulani magharibi inaangukia katikati ya saa iliyoandikwa "ukimya". Ratiba hiyo ingebadilishwa kila mwezi.

Soketi za umeme ziko nne ukutani, nazo zinavuta watu wa kuchaji simu kisha wakalala. Ningeziondoa zote. Rafu ya viatu imejaa saa za msongamano. Weka vyako chini ya benchi ya kushoto. Swichi ya taa ya upande wa zulia iko nje, kulia kwa mlango. Ile ya ndani haiwashi kitu.