Nyungunyungu wa ndooni: nimewafuga, nimewavulia

Kwa mwenye haraka: mbegu, yaani minyoo wa kuanzia, nunua; ndoo wanayouzwa nayo achana nayo.

Kifurushi cha kufugia nyungunyungu wa chambo nilikiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni kwa Sh 45,000 na kikaja kwa basi mpaka Mwanza. Ndani mlikuwa na ndoo ya lita 20 yenye koki chini, mfuko wa makumbi ya nazi yaliyosagwa, karatasi ya maelezo, na minyoo wekundu wamefungwa kwenye gazeti bichi. Walifika hai, wakichezacheza. Kwa safari ya usiku kucha chini ya buti la basi, hapo muuzaji nampa maksi zote.

Mama watoto aliuliza swali ambalo na wewe huenda unajiuliza: mtu na akili zake ananunuaje nyungunyungu? Masika, kweli, hakuna haja. Unapiga jembe mara tatu kwenye migomba au pale maji ya bafuni yanapotokea, kopo limejaa. Shida ni kuanzia Juni. Ardhi inakuwa ngumu, wenyewe wanashuka chini kufuata unyevu, unachimba shimo la kuzikia mbuzi unaambulia wawili wembamba. Watoto wanaouza chambo ufukweni wanalijua hilo, na kopo la Agosti halina bei ya Aprili. Mimi navua kwa mshipi mwisho wa wiki, mara Igombe, mara Luchelele, na nilichoka kuahirisha kwa sababu ya chambo.

Sasa ndoo. Aliyeibuni alifikiria mbolea, hakufikiria mnyoo. Hawa wekundu wanaishi juu juu, kwenye majani yanayooza na samadi; hawachimbi kwenda chini. Wanataka upana. Ukiwapa ndoo ndefu, nusu ya chini inabaki tope linalonuka bila mkazi, na koki inaziba kwa makumbi. Kifuniko nacho kinabana sana, na mnyoo anapumua kwa ngozi: hewa ikikosekana atapanda ukutani kutafuta pa kutokea. Halafu plastiki nyeusi kwenye joto letu! Wekundu wanastawi kati ya nyuzi 15 na 25. Mchana wa Mwanza unapita hapo kwa urahisi, na ndani ya ndoo iliyopigwa jua usiulize. Niliwahamishia kwenye beseni pana la kufulia lililotobolewa matundu chini, likafunikwa gunia la katani lililoloweshwa, likawekwa kivulini nyuma ya jiko. Mabadiliko yalionekana haraka. Beseni hilo halikunigharimu chochote, lilikuwa limepasuka ukingo.

Karatasi ya maelezo ndiyo iliyonikera zaidi. Imeandikwa kwamba wanaongezeka maradufu kila wiki. Kwa miujiza ipi? Kifuko cha mayai peke yake kinahitaji kama wiki tatu kuangua, na vitoto vinahitaji karibu miezi miwili ndipo viweze kuzaa. Kwa hiyo anayeanza avumilie miezi mitatu hivi kabla ya kuanza kuchota kila wikendi, la sivyo atavua mtaji. Vilevile imeandikwa "walishe mabaki yote ya jikoni". Si yote. Maganda ya ndizi, majani ya chai, mchicha uliolala, tikiti, hayo sawa. Ndimu na machungwa hapana, chumvi na mafuta hapana, na ugali ukizidi unachacha, unapata joto na kuleta utitiri. Samadi ya ng'ombe iwe imekaa mpaka imepoa. Ya kuku mbichi inawaua kwa ukali wake. Unyevu upime kwa mkono: ukikamua konzi moja litoke tone au mawili, basi.

Na sisimizi hawakutajwa hata kwa mstari mmoja. Beseni liweke juu ya stuli, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye oili chafu. Siafu wakipita usiku bila kizuizi hicho, asubuhi unakuta udongo mtupu.

Kwenye maji je? Kambare na kamongo hawachagui. Mnyoo akishafika chini wanamfuata kwa harufu. Gogogo naye anakuja, hata usipomtaka, na miiba yake. Sato ndiye wa kujadiliwa. Wengi wanamchukulia kama mla mwani tu, lakini sato wa Ziwa Victoria siku hizi anakula wadudu na vijikamba pia, na kipande cha mnyoo kwenye ndoano ndogo anakigusa. Anakigusa kwa ustaarabu, anadonoa, anaonja, kwa hiyo usimwekee mnyoo mzima akamaliza mkia na kukuachia ndoano tupu. Sangara usimhangaikie kwa chambo hiki; yeye tafuta furu au kambare mdogo aliye hai.

Wekundu wana kasoro moja. Ukiwachoma kwa ndoano wanatoa majimaji ya njano yenye harufu kali. Kambare hajali. Sato, kwa macho yangu, anasitasita, ingawa mzee mmoja ninayevua naye Igombe anabisha: "Mwanangu, sato hasusi harufu, anasusa kelele zako." Hata hivyo kwa ndoano kubwa wekundu ni wadogo mno, wanakatika.

Ndiyo maana baadaye nilitafuta wale wakubwa wenye asili ya Afrika Magharibi, wanene, wenye rangi ya zambarau inayong'aa, wanaoweza kupita sentimita 20. Hao ni habari nyingine. Joto letu wanalipenda, wanakua upesi, ngozi ngumu, mmoja unamkata vipande vitatu. Wana ukorofi wa kutoroka hasa mvua ikinyesha, kwa hiyo zile siku za mwanzo acha taa ikiwaka juu ya beseni. Mwanga hawaupendi, watabaki ndani. Kwa chambo, kama utapata hao, wekundu waachie wenye bustani.

Ukienda ziwani, wahamishie jioni iliyotangulia kwenye kopo lenye vipande vya boksi vilivyoloweshwa, bila udongo. Wanajisafisha tumbo na kukaza mwili, wanakaa vizuri kwenye ndoano. Kopo lisiachwe juani mtumbwini.

Muuzaji wangu anauza pia mbegu bila ndoo, ila hilo halipo kwenye tangazo, lazima umuulize. Muulize na aina, maana yeye wote anawaita "minyoo". Na mkipimana kwa kilo, mwambie awatenge na makumbi kwanza, kwa sababu makumbi yakilowa yana uzito, na bei utakayolipa ni ya minyoo.