Gramu 900 zilizogeuka kilo na nusu: uzoefu wangu na kifaa cha kuvuta uume

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa ilikuwaje nikafikia kutundika chupa ya maji kwenye kifaa cha kurefusha uume. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho la chama cha msingi, huku Mtwara. Kuanzia Oktoba mpaka msimu ufungwe nasimama kwenye mizani huku wakulima wamenikodolea macho. Mtu aliyewahi kuumizwa na kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho kwa vipimo visivyo halali, haamini kipimo asichokiona kwa macho yake, na mimi nao ugonjwa huo nimeupata.

Lakini kwa kifaa hiki niliamini namba zilizochapwa kama mtoto. Aibu tupu.

Kwa nini nilikinunua? Wanaume wenzangu mnajua. Utani wa vibamia kijiweni, unacheka na wenzako halafu usiku unajikagua. Mke wangu hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo nalo nikalitafsiri vibaya, nikadhani ananihurumia. Nikaagiza mtandaoni, laki na themanini na usafiri juu. Jina la kifaa silitaji, vinafanana vyote.

Chenyewe kina pete ya plastiki inayokaa shinani, fito mbili za chuma zenye springi ndani, na juu kitanda kidogo chenye utepe laini wa kubana nyuma ya kichwa cha uume. Unaongeza vipande vya fito ili kirefuke, springi zinabanwa, na kwenye fito kuna mistari: 900, 1200, 1500. Hizo ni gramu za mvuto. Karatasi yake ilisema wiki mbili za kwanza uanzie 900. Mimi na haraka zangu nikaanzia 1200, saa mbili kwa siku, nimejifunga msuli juu yake, nimekaa naangalia mpira.

Siku ya nne kichwa kikafa ganzi. Nikavua kifaa, hisia zikarudi baada ya dakika kumi hivi, nikasema sawa, ndiyo kazi inafanyika. Siku ya saba kichwa kilikuwa cha baridi, rangi imeelekea zambarau, na chini ya utepe pametoka lengelenge kama la kiatu kipya. Hapo nikaogopa kweli. Nikavua, nikaenda kumwona daktari bingwa wa njia ya mkojo. Niliomba ruhusa kazini nikasingizia jino.

Daktari hakucheka. Aliniambia ganzi ni mshipa wa fahamu uliobanwa, baridi na rangi ile ni damu iliyozuiwa, na kwamba mwili ulikuwa unanipigia kelele wiki nzima. Halafu akanieleza kitu ambacho hakuna muuzaji aliyekiandika. Ndani ya uume kuna mirija inayojaa damu wakati wa kusimama, na kila mrija umevikwa ala ngumu ya nyuzi. Ala hiyo ukiivuta polepole kwa muda mrefu inaweza kunyooka kidogo. Ukiivuta kwa fujo inachanika vipande visivyoonekana, na pakipona panabaki kovu. Kovu halinyooki, kwa hiyo uume ukisimama unapinda upande wa kovu. Wapo wanaopata ugonjwa huo bila kifaa chochote, unaitwa ugonjwa wa Peyronie, na kichekesho ni kwamba vifaa vya kuvuta vinatumika kuutibu, chini ya daktari. Yaani mvuto uleule, kwa kiasi ni tiba, ukizidi unakuletea ugonjwa wenyewe.

Nikamuuliza, kiasi ni gramu ngapi? Akasema hakuna namba moja ya watu wote, sikiliza mwili: uhisi mnyoosho, usihisi maumivu, pabaki pa joto na rangi yake. Kisha akanipima, akasema, bwana, wewe ni wa kawaida kabisa. Akanitajia mapitio ya utafiti ya mwaka 2015 yaliyokusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 vilivyochukuliwa na wahudumu wa afya: wastani ukisimama ni sentimita 13 na kidogo. Mimi ni 13. Laki na themanini yangu ikaniuma kuliko lile lengelenge.

Nyumbani, ukarani ukanipanda. Mistari ile ya gramu nani aliihakiki? Huku ghalani mizani isiyo na stika ya Wakala wa Vipimo hairuhusiwi kugusa korosho, na mimi nilifunga mwilini springi ambayo hakuna aliyeipima. Nikachukua mbao, nikatoboa tundu, nikasimamisha kifaa juu yake. Nikafunga kamba kwenye kile kitanda cha juu, nikaipitisha ndani ya pete na tundu, chini nikaning'iniza chupa ya maji ya lita moja. Maji lita moja ni kilo moja, hayana hila. Springi inapaswa kuzama kupita mstari wa 900. Wapi! Haikufika hata robo tatu ya safari.

Nikaleta mizani ya ndoano, ile ndogo ya kupimia begi, nikavuta taratibu. Mstari wa 900 ulifikiwa kwenye kilo 1.45. Ule wa 1200, niliokaa nao wiki nzima nikiangalia mpira, ulikuwa karibu kilo 1.9. Na fito ya kulia ilikuwa ngumu kuliko ya kushoto, ndiyo maana kila nikivua naona nimelala upande. Hapo ndipo kifaa kilipopoteza nyota zake nyingi.

Nilipumzika wiki tatu mpaka ngozi ikapona. Nikarudi kwa daktari na mbao yangu (hapo alicheka), tukakubaliana nikitaka kuendelea nichore mistari yangu kwa kalamu ya wino mzito. Nikachora wa gramu 600, baadaye wa 800, sijawahi kupita hapo. Nusu saa, navua, natembea kidogo mpaka pachangamke, narudia nusu saa nyingine. Kulala nacho ni marufuku, maana usingizini hakuna wa kuhisi ganzi. Ukitaka mfano, fikiria mkanda wa ngozi: mwaka mzima kiunoni unarefuka tundu moja bila wewe kujua, lakini ukiuvuta kwa nguvu siku moja unapasuka.

Miezi mitano. Matokeo? Kama sentimita 0.7, uume ukiwa umelala na kunyoshwa kwa mkono, unene haukubadilika. Wataliano wa Turin waliochapisha majaribio yao 2009 waliwapa wanaume wachache kifaa cha aina hii kwa miezi sita, angalau saa nne kwa siku, wakapata wastani wa sentimita 1.7 kwa kipimo hicho, na unene nao haukubadilika. Saa nne kila siku, miezi sita. Anayekuahidi inchi tatu kwa mwezi mwachie hizo inchi zake.

Hata hiyo 0.7 yangu siiapii. Kupima uume ulionyoshwa ni kupima mkono wako. Watafiti wa Israeli waliwahi kuonyesha, mwaka 2000, kwamba unahitaji kuvuta kwa nguvu ya gramu 450 hivi ndipo urefu ulingane na wa kusimama. Ukivuta kivivu mwezi wa kwanza na kwa hamu mwezi wa tano, umejiongezea sentimita bila kifaa. Ni kangomba ya kujifanyia mwenyewe.

Wa kukamua kwa mkono, yaani kuuvuta uume kwa vidole ili urefuke, mnaniuliza sana. Mkono hauna mistari. Hujui kama umetia gramu 500 au kilo tatu, na siku ukiwa na hasira unatia zaidi. Wa kuning'iniza vyuma kwenye uume, hapana, hapana. Na pampu za kufyonza uume kwa hewa: Marekani zinazouzwa bila cheti cha daktari lazima ziwe na kizuizi, nguvu ya kufyonza isizidi inchi 17 za zebaki (ndicho kipimo chake), pamoja na njia ya kuachia hewa haraka. Rafiki yangu alinunua ya kwake Kariakoo, haina hata mshale wa kipimo. Nilimwambia aitumie kuzibulia sinki.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ya utepe, ni laini kweli ukishalegeza. Nyingine ya springi, zinafanya kazi, ila hazilingani na zimeandikwa uongo.

Oktoba mnada ulipofunguliwa sikupata tena saa moja ya kukaa, kifaa kikaingia sandukuni na sijakitoa. Mizani ya ndoano ndiyo imebaki na kazi, mke wangu anapimia samaki akienda feri. Bado hajui ilikuwa inafanya nini chumbani.