TAHADHARI: Vishoka wanaouzia familia safari za Gombe

Mnaopanga kupeleka watoto Hifadhi ya Gombe likizo hii, kaeni macho. Kuna vishoka hapa Kigoma wanauza "pakeji ya familia" kwa WhatsApp: boti ya kukodi, kiingilio na mwongozaji, vyote kwa bei moja isiyo na mchanganuo. Nusu itumwe leo leo, na ya kutolea juu, kwenye namba ya mtu binafsi.

Anza na picha zake. Akikurushia gorila au simba, achana naye. Gombe utakuta sokwe, nyani na mbega wekundu. Anayekuahidi kwenda Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, asubuhi na kurudi jioni kwa boti ya kawaida naye ni walewale. Mahale iko zaidi ya kilomita 100 kusini, ziwani.

Hela nyingi huliwa kwenye kiingilio. Ada ya hifadhi hulipwa kwa kontroo namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Kishoka atasema "nimeshawalipia" na kukutumia risiti iliyopigwa picha, mara nyingi ya wageni wengine, tarehe imekatwa pembeni. Usibishane naye. Dai kontroo namba yenye idadi ya watu wenu, iingize mwenyewe kwenye menyu ya malipo ya serikali, usome jina la anayelipwa kabla ya kuweka namba ya siri.

Kwenye boti mchezo ni mwingine. Umelipia ya kukodi, ukifika Kibirizi, ufukwe wa boti hapa Kigoma, unapandishwa boti ya abiria, watoto wanakalishwa juu ya magunia. Boti za abiria huondoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo safari ya "kwenda na kurudi siku hiyohiyo" imeshakufa hapo, na malazi ya Kasekela, kituo cha hifadhi mnaposhukia, hamkuyalipia. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ufukweni ukaongee na nahodha mwenyewe, uone jaketi za kujiokolea, zikiwemo saizi za watoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akitumbukia.

Halafu umri. Kufuata sokwe msituni kuna kikomo cha umri, na mwenye mafua hurudishwa kwa sababu sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Muuzaji asiyeuliza miaka ya watoto wako hana habari na hifadhi, au anayo na hajali. Piga ofisi ya hifadhi, taja umri wa kila mtoto. Na "uhakika wa kuwaona asilimia mia" hakuna. Hawa ni wanyama wa porini.

Kampuni halali ina leseni ya biashara ya utalii, maarufu TALA, na inakubali kuionyesha.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako papo hapo muamala uzuiwe kabla kishoka hajazitoa. Usifute meseji wala mazungumzo. Namba yake itume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha nenda polisi ukachukue RB.