TAHADHARI: "Chapa za ubao za 1898, rangi ya mkono" nyingi sivyo zilivyo

Wakusanyaji wa picha za vitabu vya zamani vya kufundishia watoto herufi, kaeni macho na matangazo ya mtandaoni ya karatasi mojamoja za "An Alphabet", kitabu cha herufi cha msanii Mwingereza William Nicholson (London, 1898). Mchapishaji, William Heinemann, alitoa toleo la kifahari, lililochapwa kwa mbao zenyewe zilizochongwa picha na kupakwa rangi kwa mkono, na jingine la bei nafuu, lililochapwa kwa litografia (uchapaji wa kutumia jiwe bapa badala ya ubao uliochongwa), rangi zikiwemo. Hilo la pili ndilo linalochanwa na kuuzwa ukurasa kwa ukurasa kwa jina la lile la kwanza. Umri ni wa kweli. Uongo uko kwenye namna ya uchapaji, na hapo ndipo bei inapopandia.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, uangalie ukingo wa rangi. Rangi ya brashi huvuka mstari mweusi hapa, huishia kabla ya kuufikia pale, na hukolea ukingoni ilipokaukia. Ya litografia imelala bapa. Ukikuta vitone vilivyojipanga safu safu, umeuziwa nakala ya kawaida ya kiwandani.

Vijitabu vya herufi vya Uingereza vya mwanzoni mwa miaka ya 1800 vina janja yake. Vingi viliuzwa bila rangi, na wauzaji wa leo huzipaka picha zake upya. Kagua palipochanika au palipotobolewa na wadudu: rangi mpya huzama ndani ya ufa na kutia doa nyuzi za karatasi. Usafi uliopitiliza nao unatia shaka, maana enzi zile kazi ya kupaka rangi ilifanywa harakaharaka, mara nyingi na watoto waliokaa mezani kila mmoja na rangi yake moja. Nyekundu ya koti kumwagikia shavuni ni kawaida kabisa.

Kabla ya kulipa, dai picha ya upande wa nyuma, na nyingine iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Anayesema imeshagundishwa kwenye kadi na haibanduki, mwache na kadi yake. "Cheti cha uhalisi" alichojichapia mwenyewe hakisaidii kitu.

Umeshalipa? Piga picha ya skrini ya tangazo kabla halijafutwa, usiibandue wala kuisafisha karatasi, kisha fungua dai la kurejeshewa pesa kwa kunukuu maneno yake yaleyale: "chapa ya ubao", "rangi ya mkono".