Cheti kipi cha ukufunzi wa SUP? Kwanza niambie utafundisha maji gani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo niko Jinja, Uganda, ukingoni mwa Nile, na nyuma yangu mnaona maji yametulia kama ya mtungini. Tangu bwawa la Bujagali lianze kazi mwaka 2012, kipande hiki cha mto kinachoshuka kutoka bwawa la Nalubaale kimekuwa kama ziwa refu, na sisi wa SUP, tunaosimama juu ya ubao na kupiga kafi, tumepata uwanja. Lakini ukishuka zaidi hadi maporomoko ya Itanda, huo ni mto mwingine. Huko unaanza kuusikia kabla hujauona.

Nimetanguliza maji kwa makusudi. Kila wiki vijana wananiuliza, “Kaka, nataka kuwa mkufunzi wa SUP, cheti kipi ni kizuri?” Na mimi namrudishia swali: utafundisha wapi? Asiyejibu hilo, hata nikimtajia cheti, sijamsaidia.

Haya, tuviangalie. ISA ni shirikisho la dunia la mchezo wa mawimbi, lilianzishwa 1964. Kozi yake ya SUP imegawanywa: kuna ya maji tulivu na kuna ya maji ya wazi. Kabla ya kupewa cheti lazima uwe na cheti cha uokoaji majini na cha huduma ya kwanza. Nakipenda kwa sababu kinajulikana nchi nyingi, kwa hiyo ukienda kutafuta kazi Mombasa au Zanzibar huna haja ya kujieleza sana. Udhaifu wake ni kwamba chimbuko lake ni bahari. Mkondo wa mto haukai moyoni mwa kozi hiyo.

ACA ni chama cha Marekani cha mitumbwi, cha tangu 1880. Hiki kimepanga ngazi kwa kufuata maji: unaanza na maji tulivu, unapanda hadi mto unaokwenda kasi, bahari na mawimbi. Kwa mtu wa Jinja, mpangilio huo ni dhahabu. Unajua kabisa ngazi yako inaishia kwenye jiwe gani.

Kisha Paddle UK, wale wa Uingereza ambao zamani waliitwa British Canoeing. Cheti chao cha kuanzia kinakuruhusu kufundisha mtumbwi, kayaki na SUP kwa pamoja, na wanasema wazi kwamba ni kwa maji yaliyokingwa sana. Kwa kambi ya shule pale Ziwa Bunyonyi yenye vyombo mchanganyiko, hicho kinatosha kabisa kuanzia.

Mtasikia pia ubishi kwamba SUP ni mali ya watu wa mawimbi au ya watu wa mitumbwi. Mahakama ya usuluhishi wa michezo iliamua mwaka 2020 kwamba kwenye ngazi ya Olimpiki ni ya ISA. Hayo ni ya mashindano. Mwanafunzi wako akiwa majini hayamsaidii.

Sasa sogeza kamera hapa, tafadhali. Mnaona kamba hizi, zinazokuunganisha na ubao? Hii ya kwanza inafungwa kwenye kifundo cha mguu. Ziwani ni rafiki yako, maana upepo ukiupeperusha ubao, hutaufikia kwa kuogelea. Hii ya pili ni ya mtoni, inafungwa kiunoni kwa mshipi, na mshipi una kitufe hiki chekundu. Ukikivuta… umeona? Umefyatuka. Kwa mkono mmoja.

Cheti changu cha kwanza nilikipata ziwani kwa siku mbili, na aliyetufundisha hakuwahi kugusia tofauti hii. Nikapewa karatasi yenye muhuri nikajiona nimeiva. Miezi michache baadaye nilimpeleka binti mmoja mtoni, akaanguka, na kamba ya kifundoni ikanasa kwenye tawi la mti uliozama. Ubao upande huu wa tawi, yeye upande ule, mkondo ukimlaza. Akijaribu kuinama kuufikia mguu, maji yanamnyoosha tena. Niliikata kamba kwa kisu. Alipona, alhamdulillahi, na mpaka leo nikifunga mshipi huu namkumbuka.

Wapo ambao hawakupona. Oktoba 2021, mjini Haverfordwest, Wales, kundi la watu lilishuka na mto uliofurika mvua hadi kwenye banio, yaani ukuta uliojengwa kukatiza mto. Wanne walifariki, na mmoja wao alikuwa mkufunzi. Kamba zilikuwa za kifundoni, na mwenye biashara aliyeongoza safari alikuwa na cheti cha ngazi ya kuanzia tu. Cheti alikuwa nacho, jamani. Hakikuwa cha maji yale.

Na msidhani ziwa ni mteremko. Ziwa Victoria, Entebbe kwa mfano, alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Maji ya ufukweni yanaonekana laini, mwanafunzi anapiga kafi vizuri, anafurahi, akigeuka anakuta ufuko uko mbali na upepo unampiga usoni. Mvua za radi za ziwa hili nazo hupenda usiku na asubuhi. Hakuna mtaala wa ng’ambo utakaokufundisha hilo. Kaa na wavuvi, uliza. Waulize pia viboko wanapumzika wapi. Na kichocho kipo, kwa hiyo kupima na kumeza dawa uvipangie kwenye kalenda yako kama unavyopanga wateja.

Ushauri wangu kwa anayeanza Entebbe au Bunyonyi: ISA ya maji tulivu au Paddle UK, ile utakayoipata bila nauli ya kukuumiza. Kwa anayetaka mto wa Jinja: ACA, na usipeleke mtu kwenye mkondo mpaka ngazi yako ifike huko.

Kabla hujalipa, mpigie mwalimu wa kozi umuulize mambo mawili. Je, nitamwokoa mtu mzito kuliko mimi, majini, mbele yako? Yaani kuupindua ubao juu chini, kumvuta mikono ipite juu yake, kisha kuurudisha ubao naye akiwa amelala juu. Na je, nitafundisha watu halisi ukiniangalia kabla hujatia sahihi? Akisitasita, kata simu, umpigie mwingine.